Hodi Karura: Mwongozo wa Mgeni Mwenye Kelele

Ukienda kwa watu, mlango huupigi teke. Unasimama nje, unabisha hodi, unangoja uambiwe karibu, na ukikuta mkeka umetandikwa unavua viatu hata kama soksi imetoboka. Haya tulifunzwa kabla hatujang'oka meno ya utotoni. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliyelelewa akaleleka, Jumapili akipelekwa msituni, adabu yote huifungia kwenye buti ya gari. Anashuka na spika begani, ndoo ya kuku wa kukaanga, watoto saba wa ukoo mzima na sauti ya mnadani. Mwongozo huu ni wake. Nampenda, na nataka arudi tena na tena. Ila arudi kama mgeni, asirudi kama gharika.

Msitu wenyewe ni Karura. Una zaidi ya hekta 1,000, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na umo ndani kabisa ya jiji la Nairobi: huku Barabara ya Limuru, kule Barabara ya Kiambu, na jirani zake ni Muthaiga, Runda na ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri. Ndani mna njia za miguu za karibu kilomita 50, mna mito, maporomoko na mapango, na mna historia ambayo wengi wetu huipita mbio huku simu ikituhesabia hatua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami nitakwenda na hesabu hiyohiyo. Ziara ya kwanza ni ya miguu. Ya pili ni ya masikio. Ya tatu tutaonana.

Ziara ya kwanza: miguu

Fika mapema. Jua la Nairobi saa nne asubuhi halina utani, na isitoshe saa hiyo wenye haraka wote wanakuwa wamekwisha kufika. Ukija Julai vaa sweta, maana jiji hili liko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya chini ya miti ina meno. Viatu viwe vya kufunga kamba. Kila wiki namwona bibi harusi mtarajiwa akija kupigwa picha na viatu vya kisigino kirefu, na kila wiki udongo mwekundu unaviomba visigino hivyo vibaki. Udongo hushinda.

Getini askari ataomba kuona mfuko wako. Usimwambie kwamba hakujui wewe ni nani. Anakujua vizuri sana: wewe ni mtu mwenye chupa ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingia na chupa, vikombe, sahani wala vijiko vya plastiki vya kutumia mara moja kwenye misitu, mbuga na fukwe zinazohifadhiwa. Basi maji yaje kwenye chupa ya chuma, chapati zije kwenye kopo au zimefungwa kwa kitambaa kama alivyokuwa akizifunga mama yako. Zilikuwa tamu vilevile.

Spika ibaki nyumbani. Wimbo wako ni mzuri, nakubali, na hata mimi nayajua maneno yake. Lakini msitu una wimbo wake ambao ulianza saa kumi na moja alfajiri na haujafika mwisho, na hakuna anayealikwa harusini akaja na bendi yake.

Njia haziwezi kukupoteza kama una macho. Kwenye makutano kuna nguzo zenye namba, na namba hizo zimo kwenye ramani. Soma namba. Usimfuate mtu kwa sababu ameshika kamera kubwa. Huenda naye anakufuata wewe. Mbwa afungwe mnyororo, baiskeli impishe anayetembea, na mwenye kukimbia asiwapigie kelele wazee kwamba wamejaza njia. Hayo yamekwisha, tuje kwa wenyeji.

Wenyeji wa kwanza utakaokutana nao ni kima, na kima hana haja na mwongozo wangu. Anajua zipu inafunguka upande gani. Anajua mlio wa mfuko wa viazi vya kukaanga kuliko anavyoujua mlio wa chui. Ukimpa kipande kimoja cha chapati kwa sababu mtoto wako amecheka, umemfundisha kwamba chakula kinatoka mikononi mwa watoto, na kesho atakwenda kukichukua mwenyewe bila kuombwa. Kima anayenyang'anya watoto huishia kuitwa mnyama hatari, na mnyama hatari hadumu. Kwa hiyo funga mkono. Huo ndio upendo anaouhitaji.

Mwenyeji wa pili ni mbega, na kwa huyu naomba utulie. Simama chini ya mti mkubwa asubuhi, rudisha shingo nyuma, na unyamaze kwa dakika kumi. Dakika kumi kamili, mbili hazitoshi. Kwanza utaona mkia, mweupe na mzito, umening'inia katikati ya majani kama taulo lililosahaulika kambani. Ukiufuata mkia juu utamkuta mwenyewe amekaa, mikono juu ya magoti, mzee wa baraza mwenye joho jeusi na mashada meupe yakimshuka mabegani. Sasa mtazame anaposhika tawi. Vidole ni vinne. Gumba hana, pamebaki kijinundu tu, na hakimpunguzii kitu, maana anaruka kutoka mti hadi mti kama aliyerushwa. Anakula majani, anayatafuna taratibu, na tumbo lake lina vyumba kadhaa vya kuyachachusha, kazi inayofanana na ya tumbo la ng'ombe. Ndiyo maana muda mwingi unamkuta amekaa tu. Si mvivu huyo, yuko kazini. Na ukibahatika utaona mama aliyepakata kitoto cheupe pepepe, mwili mzima, kama kimevikwa pamba. Mbega huzaliwa hivyo. Rangi nyeusi huja baadaye.

Mbega hawa wana kisa. Walikuwa wametoweka Karura, na katika muongo wa 2010 wakaletwa wengine kutoka upande wa Kipipiri, Nyandarua, ambako vipande vya msitu vilikuwa vimebanwa na mashamba kila upande. Wakabebwa, wakafunguliwa hapa, wakazaa. Kwa maneno mengine, hata mwenyeji wako alikuja kama mgeni. Tofauti yenu ni kwamba yeye hakuja na spika.

Ziara ya pili: masikio

Ukirudi mara ya pili, simu iache mfukoni na ushuke mpaka kwenye maporomoko. Maji yanaanguka kiasi cha mita 15, na ukisimama karibu mvuke unakulowesha kope. Usiingie kuoga, tafadhali. Mto huu umepita kwa watu wengi kabla hujaukuta. Lakini uangalie na ufikirie unakokwenda. Mito ya Karura inaingia Mto Nairobi, Nairobi unaingia Athi, Athi unabadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na mwisho wake ni bahari, karibu na Malindi. Kijiti ukitupacho hapa kina nauli ya kufika pwani. Na pakiti ya biskuti pia.

Hapo karibu na mto kuna mapango. Unaingia umeinama, nayo ni adabu inayofaa, kwa sababu walioyatumia walikuwa wakiinama kwa sababu nyingine. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la mkoloni liliupekua mji wa Nairobi mtaa kwa mtaa, likakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka vizuizini. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani ya mapango haya, mwendo mfupi tu kutoka kwa waliokuwa wakiwasaka.

Nilimkuta hapo shosho mmoja na mjukuu wake wa kama miaka minane. Mtoto alikwisha kuingia na kutoka mara tatu, goti lina vumbi.

"Shosho, sasa walikuwa wanapikia wapi?"

Shosho alinyamaza kidogo, akajifunga leso vizuri. "Hawakupika, mjukuu wangu. Moshi una mdomo."

Mtoto aliingia tena pangoni, na safari hii hakukimbia. Nakuomba nawe ukifika na watoto uwaache waulize. Usiwahimize watoke wapigwe picha. Picha ya pango ni giza. Kilichomo kinapatikana kwa kuuliza tu.

Ukitoka hapo, jifunze angalau miti mitatu kwa jina, kwa maana ni aibu kukaa nyumbani kwa watu mchana kutwa bila kuuliza wanaitwaje. Muhugu una mbao nzito, ngumu, na wachongaji wa vinyago wa Ukambani wanaufahamu kwa harufu tu. Muthiga gome lake lina ukali wa pilipili. Wazee walilitafuna jino likiuma au kifua kikibana. Usibandue gome ili kujaribu, niamini. Mti ulio njiani ukibanduliwa na kila mdadisi utakufa umesimama. Wa tatu ni mugumo, mti wa Mungu kwa Wakikuyu, usiokatwa wala kuokotewa kuni. Ile mirefu iliyonyooka kama askari gwarideni ni mikaratusi, si wenyeji. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili itoe kuni za garimoshi. Garimoshi la kuni limekufa zamani; mkaratusi bado unakunywa maji.

Kuna pia tanuri la zamani ambalo Benki Kuu ilikuwa ikichomea noti kuukuu. Vijana hulichungulia kwa matumaini. Hakuna kitu, nimekwisha kuchungulia. Noti ziligeuka majivu na miti ingali imesimama, nami sioni haja ya kuongeza neno hapo.

Sasa kaa kwenye gogo, kwa sababu kisa kilichobaki ni kirefu na bila hicho hujafika Karura.

Katika muongo wa 1990 msitu huu uligawanywa. Sehemu kubwa ilikatwa viwanja kwenye karatasi na kupewa watu binafsi na kampuni za kujenga nyumba, kimyakimya, na hivyo ndivyo ardhi ya umma inavyoibwa siku zote: pasipo panga, kwa muhuri. Mwaka 1998 habari zikamfikia Profesa Wangari Maathai. Huyu alikuwa mama aliyekuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 ili wanawake wa vijijini wapande miti, na mwaka 1989 alikuwa amepinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kusimama ndani ya Uhuru Park, mpaka likashindikana. Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia Karura ni kiwanja, umemtukania mama yake.

Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda getini na wanachama wake, pamoja na wabunge na waandishi wa habari. Walibeba miche. Walikuta walinzi wengi wakiwangoja, wakakatazwa kuingia. Basi akataka wapande mti mmoja tu, palepale nje ya geti. Mti mmoja. Walinzi wakawavamia kwa mijeledi, mawe na silaha nyingine. Profesa alipasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi damu ikimtiririka, akaandikisha taarifa, na ilipofika saa ya kutia sahihi, alitia kwa damu yake mwenyewe.

Jaribu kuiona karatasi ile mezani. Kalamu zilikuwepo. Yeye akachagua wino ambao hakuna karani ambaye angeweza kusema hakuuona.

Wanafunzi wa vyuo vikuu walifanya maandamano barabarani, na wengine wakapigwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani shambulio lile. Ofisi zake za Gigiri, kumbuka, zinapakana na miti hiyohiyo. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Wangari Maathai akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka huohuo Tume ya Ndung'u ikatoa ripoti yake kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, Karura ikiwemo. Profesa alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba asikatiwe mti wa jeneza, basi jeneza lake likasukwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji. Ile barabara ya mjini iliyoitwa Forest Road leo ina jina lake.

Kwa hiyo ukifika getini, kabla hujainua simu, simama kidogo. Damu ya watu ilimwagika hapa ili wewe uje ulalamike kwamba hakuna mtandao.

Na mtoto wako akikuuliza msitu huu ni wa nani, usijibu "wa serikali" ukaendelea kutembea. Serikali ndiyo ilikuwa na muhuri. Mwambie ni wetu, na umwambie ulipatikana vipi, kwa majina na tarehe, maana watoto hukumbuka tarehe kuliko mawaidha. Mwambie pia kwamba hata baada ya ushindi ule msitu haukutembeleka kwa miaka: palikuwa na wanyang'anyi, na akina mama waliingia kutafuta kuni wakiwa na hofu. Mwaka 2009 ndipo wakazi walipounda chama cha Marafiki wa Karura, wakashirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya, uzio wa umeme ukazungushwa, na vijana wa mitaa jirani wakapewa kazi ya kuulinda. Kijana anayekuonyesha njia leo amezaliwa ng'ambo ya uzio huo. Msalimie. Muulize hali kabla ya kumuuliza choo kiko wapi.

Ziara ya tatu: jembe

Hapa ndipo wageni wengi hukumbuka kwamba wana harusi mahali fulani. Mimi nakungoja.

Kazi zipo. Kuna mmea mvamizi uitwao lantana, wenye maua mazuri ya njano na waridi, ambao umetambaa chini ya miti na kuzizuia mbegu za kienyeji zisiote. Maua yake yasikulaghai, ung'oe na mizizi. Kisha kuna kupanda. Usije na mche ulioununua kando ya barabara kwa sababu majani yake yanang'aa. Waulize wenye msitu mahali gani panahitaji mti gani, nao watakupa muhugu, mutarakwa au mti mwingine wa hapahapa. Chimba shimo lenye kina, tenga udongo wa juu na wa chini, rudisha ule wa juu kwanza kwa sababu ndio wenye rutuba. Shindilia kwa kisigino, taratibu. Mwagilia.

Halafu rudi kuuangalia. Mwezi mmoja, mitatu, mwaka. Nimeona hafla za kupanda miti zenye hema, kofia za bure na hotuba za saa mbili, na nimerudi kiangazi nikakuta vijiti vikavu vimejipanga mstari kama makaburi ya watu wasio na ndugu. Kupanda na kuondoka ni kuzaa na kukimbia. Mti mmoja ulioutunza ukashika ni bora kuliko miti elfu ya kwenye magazeti, na nasema hivi nikikumbuka kwamba mwaka 1999 watu walipigwa kwa ajili ya mti mmoja.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Miche ipo kitaluni. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jembe njoo nalo.